Swali la Kumi na Nne

Sogeeni karibu, ndugu zangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia uketi, maana habari hii haichagui mtu. Inamhusu muuguzi, lakini inamhusu pia mwalimu, fundi, dereva na yeyote aliyewahi kutundika ukutani cheti ambacho kichwa chake mwenyewe hakikijui.

Jumapili moja alasiri, katika nyumba ndogo ya vyumba vitatu, palikuwa na amani ya kupendeza. Baba wa nyumba, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa ameketi dirishani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anaifungua saa ya jirani. Mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake nyeupe ya kazini. Huyu mke ndiye tutakayemfuata. Alikuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya upasuaji ya wanaume, miaka ishirini na sita kazini, na hospitalini kila mtu alimwita Mama Wodi. Binti yao, aliyemaliza sekondari na sasa anangojea nafasi ya chuo, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na simu ya mama yake mkononi, anabonyeza.

"Tayari," binti akasema. "Ishirini kwa ishirini. Cheti hicho kinaingia."

Simu ikalia. Mama Wodi akaiegesha pasi, akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Cheti kilikuwa na jina lake lote, muhuri wa buluu, na maneno kwamba amehitimu mafunzo ya kuokoa njia ya hewa ya mgonjwa wa dharura.

"Hongera, mama watoto," Fundi Saa akasema bila kutoa kioo jichoni. "Na yule Mjomba wenu mmemalizana naye?"

"Tumemalizana."

Mjomba, ndugu zangu, hakuwa mtu. Alikuwa sanamu la mpira, kichwa na kifua tu, ambalo wauguzi walifanyia mazoezi ya kumfungua mgonjwa koo na kumpulizia hewa. Walilipa jina hilo kwa sababu lilikaa mdomo wazi kutwa nzima, kama mjomba aliyekuja kusalimia akasahau kurudi kwake.

Amani ile haikudumu hata sare ikapoa. Simu ililia tena. Ulikuwa ujumbe wa Mkufunzi kwa wauguzi wote: "Nawapongeza mliomaliza. Cheti ni mwanzo tu. Kuna wachache wenu ambao nitawafikia kimyakimya, kila mmoja kwa wakati wake."

Mama Wodi akausoma mara tatu. Kwenye neno kimyakimya akasimamisha kidole.

"Nani amesema?" akauliza.

"Amesema nini, mama?" binti akajibu, na macho akayashusha kwenye zulia.

Hapo ndipo hadithi yetu inapoanzia, na ili muielewe lazima niwarudishe nyuma miezi miwili.

Hospitali ilikuwa imeleta mafunzo ya namna mpya. Nusu yake yalikuwa kwenye simu: unatazama video, unasoma, unajibu maswali, kwa wakati wako, hata ukiwa jikoni. Nusu nyingine ilikuwa ya mikono. Kila Alhamisi, katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, Mkufunzi alimlaza Mjomba mezani, na kila muuguzi alitakiwa kumwokoa mara tatu mbele ya macho yake ndipo yeye Mkufunzi atie saini kwenye kadi. Simu ifundishe kichwa, Mjomba afundishe mikono. Ulikuwa mpango mzuri, na sijasikia mtu mwenye akili timamu aliyeulaumu.

Lakini Mama Wodi alifungua somo la kwanza, akajibu maswali kwa uzoefu wake, akapata manne kati ya ishirini. Simu ikamchorea kisura cha manjano chenye huzuni na kumwambia: Jaribu tena. Miaka ishirini na sita! Mwanamke aliyewafundisha nusu ya wauguzi wa hospitali ile kushika sindano, leo anaambiwa na kisura cha manjano ajaribu tena! Alijaribu tena, akapata sita. Mara ya tatu alimwita binti yake, akamwambia macho yake yamechoka, herufi ni ndogo, asome yeye na abonyeze yeye. Mwanzoni binti alisoma kwa sauti. Wiki ya pili aliacha kusoma kwa sauti. Wiki ya tatu mama alikuwa anakata mboga jikoni na kuuliza tu, "Umefika wapi?"

Na Mjomba je? Huko aliokolewa na heshima. Mkufunzi, zamani, alikuwa mwanafunzi wake. Alhamisi zote mbili alizokwenda, Mama Wodi aliketi kwenye kiti, akalalamika mgongo, akawatazama vijana wakihangaika na taya la Mjomba, akacheka nao. Alipoinua kadi yake, Mkufunzi akasitasita, kalamu hewani.

"Mama, bado hujamgusa hata mara moja."

"Wewe nani alikufundisha kupima joto la mgonjwa?"

Mkufunzi akatabasamu kwa haya, akatia saini mara tatu. Nani angemwambia mama kama yule kwamba hajui? Ndivyo tulivyo. Mkubwa akikosea tunamwekea mkeka akosee akiwa amekaa vizuri.

Basi ukiwa na siri, umekuwa na adui. Tangu ujumbe ule uingie, Mama Wodi hakuona tena watu wodini, aliona mashahidi. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo yakikatika, alijua wanamsema yeye, kumbe wanasema ndoa ya mpishi. Mkufunzi akimsalimia kwa kicheko, alikipima kile kicheko. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, alipomuuliza, "Wodi inaendeleaje?" alikosa usingizi akilipekua swali hilo kama mtu anayetafuta mwiba wa samaki.

Mtu ambaye Mama Wodi alimtilia shaka kuliko wote alikuwa muuguzi mmoja kijana, mwenye mwezi wa nne pale, waliyemwita Mgeni. Binti mwembamba, hana maneno mengi. Kila akipata dakika mbili alikuwa na simu na waya za masikioni, na ana kijitabu chekundu mfukoni ambamo aliandika mambo na kuangalia saa yake. Anaandika nini? Kwa nini anaangalia saa?

Jumatatu iliyofuata ujumbe ule Mgeni alimfuata karibu na kabati la dawa.

"Mama, samahani. Alhamisi utakuwa na nafasi? Chumba cha Mjomba kitakuwa wazi saa nane. Tutakuwa sisi wawili tu."

Mama Wodi akageuka polepole. "Sisi wawili tu tukafanye nini?"

"Tufanye mazoezi, mama. Mimi bado mikono inanichanganya, nikasema labda..."

"Nani amekutuma?"

Mgeni akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa sekunde moja tu, lakini kwa mwenye shaka sekunde moja ni ushahidi wa kutosha. Huyu ametumwa, Mama Wodi akajiambia. Anataka kunifungia chumbani na lile sanamu, aone sijui kulishika, aandike kwenye kijitabu chake chekundu, kesho nisimame mbele ya Metroni.

"Alhamisi nina kazi," akasema. "Na wewe pia unayo. Kuanzia kesho utasimamia stoo ya mashuka. Na simu wodini marufuku. Lete."

Akaifungia simu ya Mgeni kwenye droo yake. Siku mbili baadaye Mgeni alijaribu tena, kwa unyenyekevu uleule, akaambiwa kama hana kazi ya kufanya ahesabu foronya upya. Akaenda akahesabu. Hakulalamika, na hilo nalo Mama Wodi akalitilia shaka.

Hata nyumbani shaka ilimfuata. Alibadilisha namba ya siri ya simu yake, na binti yake alipoiomba atazame cheti, akamkatalia.

"Mama, mimi ndiye niliyekifanya."

"Sema kwa sauti zaidi, jirani wa tatu hajasikia."

Fundi Saa akainua kichwa kutoka kwenye saa zake, akawatazama mmoja mmoja, akarudi kwenye kazi. Alikuwa mtu wa kusikiliza. Angeweza kuisikiliza saa ikitembea na kukwambia jino gani la gurudumu limelika. Lakini mkewe alikuwa na mlio siku hizo ambao hakuuelewa, na mwenyewe alikuwa na maumivu yake. Alikuwa na ngiri iliyomsumbua miaka miwili, na daktari alishasema ipasuliwe.

"Nitalazwa wodini kwako," alimwambia mkewe. "Nikilala mikononi mwako nitalala salama."

Maneno hayo yalimfurahisha. Kwa siku chache akasahau kijitabu chekundu.

Siku ya upasuaji ilikuwa Alhamisi. Walimchukua Fundi Saa saa tano, wakampa nusu kaputi, wakamshona, na saa saba na nusu wakamrudisha wodini kwa kitanda cha magurudumu. Muuguzi wa chumba cha upasuaji akakabidhi: "Kila kitu kimekwenda vizuri. Ila hajaamka sawasawa, na huyu usingizi wake mzito. Mlazeni kwa ubavu, asiachwe peke yake, na hiki kipimo cha hewa cha kidoleni kisitoke."

"Unaniambia mimi?" Mama Wodi akacheka, akampiga begani.

Hakumwacha kwa mtu mwingine, na hapo simlaumu. Angekuwa nani asimhudumie mumewe? Akamgeuza chali ili nyuzi zisivutwe. Akaleta mto, akaona mmoja haumtoshi, akaongeza wa pili, kichwa cha mumewe kikainama mbele, kidevu kikagusa kifua, jinsi anavyopenda kulala akisikiliza redio nyumbani. Kipimo cha kidoleni kilipoanza kulia piii, piii, akakiona kinamsumbua mgonjwa, akakichomoa akakiweka kando. Akavuta pazia. Akamfunika miguu. Kila alilolifanya alilifanya kwa mapenzi, na kila alilolifanya lilikuwa kosa.

Fundi Saa akaanza kukoroma.

"Huyo analala au anasaga unga?" mzee wa kitanda cha jirani akauliza, na wodi nzima ikacheka.

"Ndiyo ngoma yake hiyo," Mama Wodi akasema, akiona fahari kidogo.

Pazia likasogea. Mgeni alikuwa amesimama na rundo la mashuka, na macho yake hayakuwa kwa Mama Wodi, yalikuwa kwenye ile mito miwili.

"Mama, samahani. Huo mkoromo..."

"Una nini?"

"Nadhani ulimi umerudi nyuma. Tukitoa mito na kumwinua kidevu..."

Mama Wodi alimwona, akauona na mfuko wake wa sare, na ndani ya mfuko ukingo mwekundu wa kijitabu. Damu ikamchemka. Kwa hiyo ameona leo ndiyo siku! Amekosa kunitega kwa Mjomba, sasa anataka kunitega kwa mume wangu, mbele ya wagonjwa!

"Sikiliza, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini yenye makali. "Mkoromo huu nimelala nao miaka ishirini na minane. Unataka kunifundisha mume wangu?"

"Hapana, mama, lakini nusu kaputi si usingizi wa..."

"Rudi stoo. Na ufunge mlango."

Mgeni akaitazama tena ile mito. Kisha akaondoka, kwa sababu alikuwa na miezi minne tu kazini, na sote tunajua aliyekuwa na miezi minne hubishana vipi na aliyekuwa na miaka ishirini na sita.

Saa nane kengele ya kuona wagonjwa ikalia. Watu wakaingia na vikapu na chupa za maji. Binti akaja moja kwa moja hadi kitandani kwa baba yake, amemletea saa yake ya mkononi ili akiamka asihangaike kuuliza saa ngapi. Akainama ambusu paji la uso, akasita. Akasikiliza. Mkoromo ulikuwa unakatika, unanyamaza, unarudi kwa mvuto mrefu wenye kukwaruza, na tumbo la baba lilipanda wakati kifua kinashuka.

"Mama," akasema. "Toa mito."

"Mwache baba yako apumzike."

"Mama, toa mito. Ni swali la kumi na nne."

Mama Wodi akageuka haraka. Lakini hakugeuka kwa mumewe, ndugu zangu. Aligeuka kuwatazama wageni wa kitanda cha jirani, aone nani amesikia.

"Nyamaza!" akamnong'oneza, na kumshika mkono kwa nguvu. "Unaniaibisha!"

"Mgonjwa ametoka upasuaji, anakoroma, ufanye nini kwanza," binti akasema huku machozi yakianza, maneno yakimtoka kama aliyeyakariri. "Nilijibu aachwe apumzike, simu ikaniambia nimekosea. Nikajibu awekewe mto, ikaniambia nimemuua. Ndivyo ilivyoandika, mama! Nililirudia mara tatu lile swali!"

Wakati wanavutana hivyo, mkoromo ukaisha.

"Umeona?" mama akasema. "Ametulia."

"Hajatulia. Hana sauti kwa sababu hana hewa!"

Ndipo Mama Wodi alipomtazama mumewe, akaona midomo. Ilikuwa na rangi ya wino. Akaita jina la utani analomwita wakiwa wawili tu, ambalo sitalitaja hapa, na Fundi Saa hakujibu.

Alijua vifaa vilipo, hilo alijua kuliko mtu yeyote. Akaung'oa ukutani mfuko wa kupumulishia, ule wanaouita ambu, akambandika mumewe barakoa usoni na kubonyeza. Hewa ikatoka pembeni, pfuu, kama mpira uliotoboka. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, ikatoka pembeni tena, tumbo likavimba kidogo na kifua kisiinuke. Mkono wake wa kushoto haukujua ukae wapi. Mikono ile iliyopata mishipa ya watoto gizani, iliyofunga vidonda elfu, ilikuwa inahangaika juu ya uso wa mtu iliyempenda kama mikono ya mtu asiyewahi kukanyaga hospitali.

"Kichwa nyuma, kidevu juu!" binti alikuwa anasema. "Taya lisukumwe mbele! Vidole vitatu chini ya taya, viwili juu ya barakoa!"

"Vitatu vipi? Nionyeshe!"

Binti akanyoosha mikono kuelekea taya, ikaishia hewani. Maneno yote alikuwa nayo, lakini hakuwahi kumshika hata Mjomba. Wa vidole hana maneno, wa maneno hana vidole, na kati yao mtu anakufa. Elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulielewa hadi nilipohadithiwa habari ya kitanda kile.

"Mwite," Mama Wodi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Yuko stoo. Mwite Mgeni. Kimbia!"

Stoo ilikuwa mwisho wa korido, mlango umefungwa kama alivyoagiza mwenyewe. Binti alikimbia akipiga kelele. Mgeni akaja mbio, viatu vimebaki njiani, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuitupa ile mito miwili sakafuni. Akasimama kichwani pa kitanda, akakirudisha kichwa nyuma, akaingiza vidole chini ya taya na kulivuta mbele, mikono miwili, viwiko vimetulia. Akamtia mrija mdogo mdomoni kuushikilia ulimi. Akaishika barakoa.

"Mama, mimi nashika, wewe bonyeza. Polepole. Hesabu hadi tano, bonyeza tena."

Mama Wodi akabonyeza. Kifua cha Fundi Saa kikainuka.

Sijui kama mmewahi kuona kifua cha mtu wenu kikiinuka baada ya kukata tamaa. Alibonyeza na kuhesabu, akabonyeza na kuhesabu, machozi yakimdondokea mumewe shavuni, mpaka daktari alipofika na oksijeni ikafunguliwa, na ile rangi ya wino ikaanza kuondoka mdomoni.

Aliokoka. Lakini hakuamka siku ile, wala ya pili. Aliamka siku ya tatu, akamtambua mkewe, akamtambua binti yake, akaomba maji. Kikombe alipokishika, maji yakamwagika, kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Daktari akasema huenda utatulia kwa muda, huenda usitulie. Ubongo ulikosa hewa.

Siku hiyo ya tatu Mama Wodi alimkuta Mgeni kwenye korido, akamrudishia simu yake kutoka droo. Kisha akauliza jambo lililomla moyo wiki zote hizo.

"Nani alikutuma kwangu?"

"Mkufunzi, mama. Lakini si kwa ubaya." Mgeni akatazama chini. "Uliandika kwenye lile somo la simu, mahali pa maswali. Uliuliza, mtu aliyejibu yote bila kumgusa Mjomba, anaweza kumwokoa mtu? Mkufunzi akaona aibu kwa zile saini. Akaniomba nikufanyishe mazoezi tukiwa wawili tu, ili heshima yako isivunjike. Akasema nisikwambie kama nimetumwa."

Mama Wodi hakuwahi kuandika swali kama hilo. Akamgeukia binti yake, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, na binti akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Niliogopa, mama," akasema. "Sikuweza kukukatalia, na sikuweza kukusema. Nikauliza kwa jina lako."

Kwa hiyo adui hakuwepo. Wiki zote zile, wale aliowatilia shaka kuliko wote walikuwa wanamtafutia njia ya kuokoka bila kuaibika. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na la kumdhuru, na huyo alikuwa yeye mwenyewe.

"Na kijitabu?" akauliza.

Mgeni akamkabidhi. Kilikuwa kimejaa Mjomba: jaribio la kwanza, sekunde hamsini, la tisa, sekunde thelathini, la ishirini na sita, sekunde kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi ile, maana walifundishwa dharura ikiisha kuandika saa kabla hawajasahau. Mkoromo uliisha saa nane na dakika sita. Hilo aliambiwa na mzee wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anatazama saa ya ukutani. Kifua kiliinuka saa nane na dakika kumi.

Mama Wodi alikwenda kwa Metroni kwa miguu yake mwenyewe, akakirudisha cheti na kusema yote, hata saini. Akavuliwa uongozi wa wodi. Mkufunzi naye aliitwa, akaonywa kwa maandishi. Alhamisi iliyofuata Mama Wodi alikuwa wa kwanza kwenye chumba cha Mjomba, na aliyemfundisha ni Mgeni. Jaribio la kwanza lilimchukua dakika mbili na nusu. Alilirudia mpaka giza la jioni, na hakuna aliyecheka.

Fundi Saa alirudi nyumbani, akaketi dirishani pale pale. Meza yake ilikuwa kama alivyoiacha, saa ya jirani imefunguliwa, vijino vyake vimepangwa kwenye kisosi. Akabana kioo jichoni, akachukua kibanio. Mkono ukatetemeka, na gurudumu dogo kama punje ya mchele likaruka likapotelea kwenye zulia. Akajaribu la pili. Kisha akaweka kibanio chini, taratibu.

"Mama watoto," akasema. "Zilikuwa dakika ngapi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Mkewe alikuwa amepiga magoti, anatafuta lile gurudumu kwa viganja.

"Nne," akajibu.

Fundi Saa akafikiri. Alikuwa mtu wa dakika maisha yake yote.

"Saa ikisimama dakika nne," akasema, bila hasira yoyote, "naisogeza mbele nne, inaendelea. Mwenyewe hata hajui ilisimama."

Akauangalia mkono wake, na mkewe akaendelea kulitafuta gurudumu kwenye zulia, na mpaka leo hajaliona.

FUNZO LA KUONDOKA NALO

Ndugu zangu, nimeshaisema hadithi, sasa nilitaje funzo lake waziwazi, nisije nikafumba nami.

Mafunzo ya simu si mabaya, na msiitupie simu lawama. Simu ilisema kweli mara tatu, na aliyeisikia alikuwa mtoto. Ubaya ni kumpa mwingine ajifunze badala yako. Mtu anaweza kukupigia pasi, kukupikia, hata kukubebea mzigo. Kukujulia hawezi. Siku ya hatari ikija itakuita wewe, na itakuta mikono yako kama ulivyoiacha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha ujinga ni vivyo hivyo, ila yeye humuumiza na mwenziwe. Mama Wodi angesema siku ya kwanza, "Sijui, nifundisheni," wangemcheka siku moja. Aliona aibu ya siku moja ni kubwa mno, akainunua nyingine ya maisha.

Na ninyi mnaotia saini kwa heshima, na ninyi watoto mnaoombwa jambo baya na mzazi mnayempenda, jifunzeni kusema hapana kwa adabu. Kumheshimu mkubwa ni kumwambia, "Mama, bado hujamgusa Mjomba," kisha ukaishusha kalamu chini na kumsogezea kiti karibu na meza.

Tena ukijikuta unamshuku kila mtu, anayecheka, anayenyamaza, anayekuja na kijitabu, usiwapekue wao kwanza. Ingia ndani mwako, funga mlango, ujiulize unaficha nini. Ukikipata, kitoe kabla hakijatolewa na dakika nne za mtu mwingine.